Daktari Aliyeandika Kalori Mezani: Maisha ya John Harvey Kellogg

Mafungu ya kusoma: Danieli 1:8–16, Mithali 23:1–3, Warumi 14:13–19, 1 Wakorintho 10:31

Katika miji mingi ya Marekani na Uingereza, mtu akiingia leo kwenye mgahawa wa vyakula vya haraka hukuta namba mbili mbele ya kila chakula. Ya kwanza ni bei. Ya pili ni idadi ya kalori, yaani kiasi cha nguvu ambacho mwili utapata kutoka katika chakula hicho. Wengi hudhani kwamba jambo hili ni jipya. Lakini zaidi ya miaka 100 iliyopita, katika mji mdogo wa Battle Creek, jimbo la Michigan, wageni wa nyumba moja ya tiba walikuwa wakipewa orodha ya vyakula iliyoonyesha kalori za kila sahani. Nyumba hiyo ilizaliwa ndani ya kazi ya Kanisa la Waadventista Wasabato, na msimamizi wake alikuwa Daktari John Harvey Kellogg.

Tunapojifunza habari za kiasi robo hii, yatufaa kuyatazama maisha ya mtu huyu, mazuri yake pamoja na anguko lake.

Kijana wa kiwanda cha uchapaji

John Harvey alizaliwa tarehe 26 Februari 1852 katika kijiji cha Tyrone, Michigan, katika familia yenye watoto wengi. Wazazi wake walikuwa waumini wa mwanzo wa ujumbe wa Sabato. Mwaka 1856 walihamia Battle Creek, na baba yake akafungua kiwanda kidogo cha kutengeneza fagio. Mtoto alifanya kazi hapo, na shule aliipata kwa shida.

Alipokuwa na umri wa miaka kama 12, mzee James White alimchukua kufanya kazi katika kiwanda cha uchapaji cha kanisa. Kazi yake ilikuwa kupanga herufi za risasi, moja baada ya nyingine. Wakati huo kanisa lilikuwa limeanza kuchapa maandiko juu ya afya, kufuatia njozi aliyoipata Ellen White mwaka 1863. Kwa hiyo kijana huyu aliusoma ujumbe wa afya herufi kwa herufi. Aliuamini, akaacha nyama, na hakuirudia.

Familia ya White ilimsaidia kwa fedha asomee utabibu. Alihitimu mwaka 1875 katika chuo cha hospitali ya Bellevue, New York. Alipokuwa mwanafunzi alipanga chumba, na hapakuwa na jiko. Kiamsha kinywa chake kilikuwa biskuti za ngano isiyokobolewa na matunda ya tufaha. Hapo ndipo alipoanza kuwaza jinsi maskini wa mjini wanavyoweza kupata chakula cha nafaka kilichokwisha kupikwa, kizuri na rahisi kuandaa.

Mwaka 1876, akiwa na umri wa miaka 24, alikabidhiwa nyumba ya tiba ambayo kanisa lilikuwa limeifungua miaka 10 kabla. Ilikuwa ndogo, na wagonjwa walikuwa wachache. Aliibadilisha jina, akaiita Sanitarium, akaijenga mpaka ikawa maarufu duniani.

Nyumba, jiko na nafaka

Kellogg aliamini kwamba daktari anayetoa dawa bila kumfundisha mgonjwa namna ya kuishi amefanya nusu ya kazi. Katika nyumba yake watu walitibiwa kwa maji, jua, hewa safi, mazoezi, usingizi na chakula cha mimea. Tumbaku, pombe, chai na kahawa havikuruhusiwa. Yeye mwenyewe alikuwa mpasuaji hodari. Si kila alichofundisha kimethibitika. Baadhi ya tiba zake, kama kuosha matumbo mara kwa mara, zimeachwa. Lakini alipinga sigara wakati ambapo madaktari wengi waliziona kuwa hazina neno, na katika hilo wakati umemwonyesha kuwa mkweli.

Mwaka 1879 alimwoa Ella Eaton. Hawakujaliwa kupata watoto, ila walilea watoto wa wengine zaidi ya 40. Mama Ella ndiye aliyesimamia jiko la majaribio, akitafuta namna ya kupika chakula kisicho na nyama lakini chenye ladha, na mwaka 1892 alitoa kitabu kikubwa cha mapishi. Tukumbuke jambo hili: kabla daktari hajaandika namba yoyote, mke wake alikuwa amekwisha kuhakikisha kwamba sahani yenyewe inalika.

Mwaka 1894, Kellogg pamoja na mdogo wake Will, waligundua jinsi ya kugeuza ngano iliyopikwa kuwa vipande vyembamba vikavu. Kutokana na ugunduzi huo zilitokea baadaye zile nafaka za boksi zinazouzwa leo hata katika maduka ya Dar es Salaam, zikiwa na jina la ukoo wao.

Namba mbele ya kila sahani

Katika miaka ya 1890 mwanasayansi Wilbur Atwater wa Chuo Kikuu cha Wesleyan, jimbo la Connecticut, alikuwa akipima nguvu iliyomo ndani ya vyakula. Kazi yake ilionyesha kwamba gramu moja ya wanga au protini humpa mtu takriban kalori 4, na gramu moja ya mafuta humpa takriban 9. Kwa njia hiyo watu waliweza kulinganisha kipande cha mkate na kijiko cha siagi kwa kipimo kimoja.

Kellogg aliipokea elimu hiyo kwa furaha. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, orodha za vyakula za Sanitarium zilichapwa zikiwa na safu za namba: kalori za protini, za mafuta na za wanga. Mgonjwa alipewa na mtaalamu wa lishe kiasi kilichomfaa kwa siku, kisha akachagua na kujumlisha. Mnene aliandikiwa kiasi kidogo, na aliyekonda aliandikiwa kikubwa zaidi. Namba haikuwekwa ili kumtisha mtu wala kumwaibisha, bali imsaidie kujua sahani yake imebeba nini.

Tena mgonjwa hakuachwa peke yake na karatasi ile. Daktari alikuwa amekwisha kumpima. Muuguzi alimjua kwa jina. Wenzake waliokaa naye mezani walikuwa katika safari ileile. Chakula kilichofaa ndicho kilichokuwa kimepikwa.

Senti moja Chicago

Kellogg hakuhudumia matajiri tu. Mwaka 1893 alifungua kazi ya utabibu katika mtaa wa maskini na walevi jijini Chicago. Watu walioga bure, wakafua nguo, wakatibiwa vidonda, na kwa senti moja waliweza kupata supu na mkate mkavu. Mwaka 1895 alianzisha chuo cha kufundisha madaktari wamishonari. Wengi waliofahamu kazi ya Chicago waliona kwamba hapo injili na ujumbe wa afya vilikuwa vimeshikana mikono.

Kuna tofauti kati ya vyumba hivi viwili vya chakula. Mgeni wa Battle Creek alikuwa na nafasi ya kuchagua kati ya sahani nyingi na kuhesabu kalori. Mtu wa Chicago alikuwa na senti moja na njaa. Kumpa huyu wa pili orodha yenye namba kusingemsaidia kitu. Alichohitaji ni kwamba supu nzuri iwepo, na bei yake aiweze. Kellogg alilielewa hilo.

Moto, kitabu na utengano

Alfajiri ya tarehe 18 Februari 1902 Sanitarium iliungua moto. Wafanyabiashara wa Kariakoo, walioliona soko kuu likiwaka usiku wa tarehe 10 Julai 2021, wanajua moto unavyoweza kula kazi ya miaka kwa saa chache. Ellen White alishauri zijengwe nyumba ndogo mahali pengi badala ya moja kubwa. Kellogg akajenga kubwa kuliko ya kwanza, nayo ilizinduliwa mwaka 1903.

Ili kupata fedha za ujenzi aliandika kitabu kilichoitwa The Living Temple. Viongozi wa kanisa walipokisoma waliona kinafundisha kwamba Mungu yumo ndani ya kila kitu cha asili, kiasi kwamba Muumba na viumbe wake wanachanganyika. Walimwonya, na Ellen White naye akamwonya. Alikichapa kwa njia yake mwenyewe mwaka 1903. Ni mwaka huohuo ambapo wamishonari Waadventista wa kwanza waliwasili katika milima ya Pare na kuanza kazi katika nchi yetu. Ugomvi haukuwa wa mafundisho peke yake. Ulihusu pia nani atawale taasisi na fedha zake. Tarehe 10 Novemba 1907 kanisa la Battle Creek lilimwondoa katika ushirika.

Nyumbani nako hapakuwa na amani. Will, aliyemtumikia kaka yake kwa miaka mingi kwa mshahara mdogo, alianzisha kampuni yake ya nafaka mwaka 1906. Watoto hawa wa tumbo moja walifikishana mahakamani kwa ajili ya jina lao, na kesi ilimalizika mwaka 1920 kwa Will kushinda.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba daktari huyu alivutwa na fikra za wakati ule zilizodai kwamba vizazi vya binadamu viboreshwe kama watu wanavyochagua mbegu za mifugo, na kwamba jamii za watu zisichanganyike. Mwaka 1914 aliandaa mkutano mkubwa wa fikra hizo Battle Creek. Sisi tulio Afrika tunaelewa vizuri mbegu hiyo ilizaa nini duniani. Mtu aliyelea watoto yatima nyumbani mwake alifika mahali pa kuwapima wanadamu kama anavyopima nafaka.

Mwaka 1928 aliongeza mnara mrefu kwenye Sanitarium. Mwaka uliofuata uchumi wa Marekani ulianguka, wageni wakapungua, na madeni yakamlemea. Mwaka 1942 jengo liliuzwa kwa serikali, likawa hospitali ya jeshi. Kellogg alifariki dunia tarehe 14 Desemba 1943, akiwa na umri wa miaka 91, bila kurejea katika ushirika wa kanisa lililomlea.

Namba ikisimama peke yake

Mwaka 2008 Jiji la New York lilizilazimisha kampuni zenye migahawa mingi kuonyesha kalori kwenye orodha zao. Nchi nzima ya Marekani ilifuata mwaka 2018, na Uingereza ikaanza kwa makampuni makubwa mwaka 2022.

Je, walaji walibadilika? Watafiti walikusanya risiti za wateja wa vyakula vya haraka katika mitaa ya watu wa kipato cha chini New York. Takriban nusu ya wateja walisema wameiona namba. Kati ya hao walioiona, kama robo walisema imewafanya wachague tofauti. Lakini risiti zenyewe zilipohesabiwa, kiasi cha kalori kilichonunuliwa kilikuwa kilekile. Katika maduka ya kahawa ya Starbucks kalori zilipungua kwa takriban asilimia 6, hasa katika mitaa ya watu wenye kipato na elimu zaidi. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa na shirika la Cochrane mwaka 2025 yalionyesha upungufu wa wastani wa asilimia 1.8. Kwa mlo wa kalori 600, hiyo ni kalori 11 tu.

Tusidharau kalori hizo 11, kwa maana tofauti ndogo ya kila siku hujumlika. Lakini tujiulize kwa nini namba iliyosaidia pale Battle Creek imekuwa na nguvu kidogo hivi. Mteja wa New York yuko kwenye foleni, ana njaa, ana haraka, na fedha zake ni za kuhesabu. Harufu ya mafuta iko puani. Kwa mtu mwenye njaa na fedha kidogo, namba kubwa yaweza hata kuonekana kuwa faida: ameshiba kwa bei ileile. Namba imemwambia ukweli, kisha imemwacha peke yake.

Sahani ya Kariakoo

Sasa twende Kariakoo. Saa saba mchana, mitaa ya Msimbazi, Kongo na Sikukuu imejaa watu. Kuli anavuta mkokoteni wenye mabonge ya nguo. Dada amekaa ndani ya fremu tangu asubuhi, akiinuka tu mteja anapokuja. Wote wawili wanaagiza chipsi mayai na soda baridi. Kwenye ubao wa muuza chipsi kuna bei tu.

Hata hivyo tunaweza kujua kilichomo. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha hazifiki kalori 90. Viazi vilevile vikikaangwa vikawa chipsi, gramu 100 hupita kalori 300. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina takriban kalori 120. Soda ya mililita 350 ina takriban kalori 140, na zote zimetoka katika sukari. Kuli atazitumia nyingi kabla jua halijazama. Yule dada zitabaki naye mwilini, siku kwa siku, mwaka kwa mwaka. Wengi katika makanisa yetu ya mjini wanameza vidonge vya shinikizo la damu na kisukari, na wengine tumewazika wakiwa bado na watoto shuleni. Si chakula peke yake kinacholeta magonjwa hayo, lakini chakula kina sehemu yake.

Kwa hiyo tusiseme kwamba elimu ya chakula haina maana. Kujua ni mwanzo. Lakini aliyeketi ndani ya fremu anahitaji zaidi ya kujua. Anahitaji mama lishe wa jirani ambaye wali wake una maharage na mchicha wa kutosha, na mafuta kiasi, kwa bei isiyozidi ya chipsi. Anahitaji mwenzake wa kushuka naye kwa miguu jioni badala ya kupanda bodaboda kwa mwendo mfupi. Anahitaji rafiki wa kumwambia, kwa upole, twende tukale kule leo.

Danieli naye hakusimama peke yake. Alikuwa na wenzake watatu, na walikula mezani pamoja. Alizungumza na msimamizi kwa adabu, akafahamu hofu yake, akaomba jaribio la siku 10. Hakuwahukumu vijana wengine waliokula chakula cha mfalme. Kusudi lake alilifanya moyoni kwanza, kisha likaonekana kwenye sahani.

Hapa ndipo maisha ya Kellogg yanapotuonya. Aliwafundisha maelfu ya watu kupima chakula, na elimu yake bado inasaidia. Lakini penye haja ya kunyenyekea mbele ya ndugu, kipimo chake hakikufika. Na viongozi waliobishana naye walikuwa wanadamu pia. Darasa linaloweza kutaja kalori za kila chakula, na huku washiriki wake wanatazamana sahani kwa dharau kwenye chakula cha pamoja cha Sabato, limeushika ujumbe wa afya kwa mkono mmoja tu. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi kuhusu jambo hilohilo.

Juma hili, kila kundi lichague jambo moja ambalo wataweza kulifanya pamoja: mlo mmoja wa mchana wanaokubaliana kuubadilisha kwa siku 10, au mama lishe mmoja wa kumtia moyo na kuwa wateja wake. Sabato ijayo mleteane habari, bila kulaumiana.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini kalori zilizoandikwa mezani zilimsaidia zaidi mgonjwa wa Battle Creek kuliko mteja wa mgahawa wa New York? Kundi lenu linafanana na meza ipi kati ya hizo mbili?

2. Ikiwa wauza chipsi wa Kariakoo wangeandika kalori kwenye ubao wa bei, ni nani angefaidika, na ni nani asingebadilika? Toeni sababu.

3. Soma Danieli 1:8–16. Danieli alifanya nini kabla ya kuomba chakula kingine? Namna yake ya kusema inatufundisha nini tunapozungumza na familia zetu kuhusu chakula?

4. Kellogg alikuwa sahihi katika mambo mengi ya afya, lakini alipoteza ushirika na ndugu zake. Tunawezaje kuushika ukweli bila kuupoteza upendo? Linganisha na Warumi 14:13–19.

5. Fikiria mtu mmoja unayemfahamu ambaye hana nafasi ya kuchagua chakula kwa sababu ya kipato. Ujumbe wa afya unamwambia nini mtu huyo, na unamwambia nini jirani yake mwenye uwezo?